Likizo Ndiyo Mtihani: Neno la Kufunga Shule kutoka Soweto, Moshi

Ripoti zimegawiwa. Magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba, matranka yamepangwa barazani, na wazazi wamesimama kivulini wakiita majina ya watoto wao. Hapa Soweto, Manispaa ya Moshi, mwanzoni mwa Desemba bodaboda na bajaji hazikauki kwenye mageti ya shule. Mzazi akipokea ile karatasi, macho yanakimbilia sehemu moja. Umekuwa wa ngapi? Kati ya wangapi? Hisabati umepata nini?

Ni maswali halali. Ada imetoka kwa jasho, na mwenye kutoa jasho ana haki ya kuuliza. Lakini mimi mwalimu, ninayeshinda na watoto hawa tangu kengele ya alfajiri hadi prepo inapokwisha, nina neno kabla hamjapakia mizigo. Kazi kubwa kuliko zote iliyofanyika shuleni mwaka huu haimo kwenye ripoti. Wanenu wameishi pamoja. Wametoka nyumba zisizofanana, wamekula sufuria moja, wamelala chumba kimoja, wamegombana, wamepatana, wamepiga magoti pamoja. Somo hilo ndilo lililofanya shule za Kikristo zijengwe kwenye mlima huu wa Kilimanjaro, na mtihani wake haufanyiki Novemba chini ya wasimamizi. Unafanyika likizo. Wanangu, unaanza leo mkishavuka geti.

Twendeni kwanza jikoni, maana huko ndiko nilikojifunza jambo hili vizuri kuliko darasani. Jioni kabla ya siku ya makande, wanafunzi wa zamu huketi kuzunguka masinia wakichambua maharage. Kazi haina utukufu wowote. Taa hafifu, moshi wa kuni unachoma macho, na kesho kuna jaribio la Kemia. Anayechambua hajui sahani ya nani itapokea punje zilizopita mikononi mwake. Inaweza kuwa ya rafiki yake, inaweza kuwa ya yule waliyekosana naye wiki iliyopita, inaweza kuwa ya mwalimu aliyempa adhabu. Akipitisha kijiwe kimoja kwa uvivu, kuna mtu atauma na kuumia. Nimewaona watoto wetu wakiinamia yale masinia usiku, vidole vikienda haraka, wakirudia fungu lililokwisha kuchambuliwa ili kuhakikisha. Ukitaka kujua shule yako ina upendo kiasi gani, usisikilize kwaya peke yake. Kaangalie maharage.

Au tazama bwenini. Januari alifika binti wa kidato cha kwanza ambaye hakuwahi kulala nje ya nyumba ya mama yake. Usiku alikuwa akilia chini ya shuka, akidhani hasikiki. Binti wa kidato cha tatu aliyelala kitanda cha juu alishuka. Hakutumwa na matroni wala hakuwa kiranja. Alishuka tu, akaketi miguuni pake, na kuanzia siku ile akawa anakwenda naye bombani, akimfundisha kuchomeka chandarua, kufua kola ya shati hadi itakate, kuficha sabuni mahali pasipo na unyevu. Oktoba ilipofika, yule mdogo ndiye aliyekuwa akianzisha mapambio mstarini. Kwenye ripoti ya yule mkubwa hakuna safu ya jambo hilo. Nami natangaza hapa kwamba ndilo jambo bora lililofanyika shuleni kwetu mwaka huu, na nasema hivyo nikiyajua matokeo yote.

Taifa lenyewe limeanza kuelekea huko. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha kututajia wanafunzi bora na shule bora kama tulivyozoea. Wako waliolalamika. Mimi nilishangilia. Mashindano yana mahali pake, na mtoto mvivu hatukumsifu wala hatutamsifu. Ila mtoto aliyefundishwa kumwona mwenzake kuwa mpinzani tu, ukubwani atakuwa daktari asiyemsaidia daktari mwenzake na mfanyabiashara asiye na jirani.

Sasa niwakumbushe mlipotoka, maana asiyejua alipotoka huuza urithi wake kwa bei ya chini. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwaka 1891. Walutheri wa Leipzig wakafika Nkwarungo, Machame, mwaka 1893. Wote walijenga kanisa na darasa pamoja, mara nyingine chini ya paa moja. Kahawa na kalamu zikaja mlimani karibu kwa njia ileile. Lakini wageni hawakukuta mlima mtupu. Walikuta mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kwa mikono kuteremsha maji kutoka juu ya vijiji hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Siku ya kusafisha mfongo, kila ambaye shamba lake linanyweshwa na maji yale alitoka na jembe. Asiyetoka alitozwa. Hapakuwa na bwana maji kutoka wizarani. Palikuwa na watu waliojua kwamba ukimnyima jirani jembe lako leo, kesho mgomba wako utakauka sawa na wake. Hadi leo tunatoka kwenye msaragambo kutengeneza barabara na kusomba mawe ya kujengea madarasa, na shule nyingi za mkoa huu zimesimama juu ya mawe hayo.

Kuna mmisionari mmoja aliyeliona hilo kwa jicho kali kuliko wenzake. Bruno Gutmann alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na sehemu kubwa ya utumishi wake, uliofikia mwisho 1938, aliitumia Old Moshi, huko juu ya mji wetu huu. Aliona Wachaga wameshikamana kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika, akasema Kanisa lisibomoe vifungo hivyo bali lijengwe juu yake. Vijana wa kipaimara akawaweka katika vikundi vidogo vya wenzi waliofungamana kubebana maishani, kwa mfano wa desturi za marika zilizokuwapo kabla yake. Hakuwa sahihi katika yote. Aliuogopa mno mji, aliitilia shaka elimu ya kisasa, na Wachaga wengi hawakukubaliana naye. Walitaka shule, walitaka biashara, walitaka kuijua dunia, na walikuwa na haki. Lakini juu ya jambo moja nasimama naye: mtu hawi mfuasi wa Kristo peke yake. Huwa mfuasi akiwa na wa kumbeba na wa kubebwa naye.

Na jambo hilo lilipimwa kwa moto. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Mabwana wakubwa wa misheni wakapanda meli. Je, shule zilikufa? Sharika zilifungwa? Hapana! Walimu wa Kichaga na wazee wa sharika walishika chaki na kengele, wakafundisha, wakaongoza ibada, wakaendelea hadi Walutheri kutoka Marekani walipokuja kusaidia na wale wa Leipzig wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ilipozuka, Wajerumani wakaondolewa tena na mzigo ukarudi mabegani mwa wenyeji. Katika shule hizo hizo za mlimani akatoka mwalimu mmoja, Stefano Moshi, aliyekuja kuwa mchungaji, kisha askofu, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963 akawa mkuu wake wa kwanza. Kanisa lililoachwa na walezi wake lilikuwa limekwisha kuwa jumuiya. Jumuiya haipandi meli.

Wanangu wa Soweto, kata yenu inashiriki jina na mahali ambako wanafunzi wa umri wenu walitikisa dunia. Tarehe 16 Juni 1976, katika Soweto ya Afrika Kusini, maelfu ya wanafunzi walitoka shuleni kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Walitoka shule mbalimbali, wakakutana njiani, wakatembea pamoja. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12 tu alipouawa kwa risasi. Waliokimbia polisi walikimbilia kanisa la Regina Mundi, na kanisa likawafungulia. Ndiyo maana kila 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika.

Wengi wa vijana waliolazimika kuikimbia nchi ile walipokewa hapa hapa Tanzania. Nchi yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC eneo la Mazimbu, Morogoro, lililokuwa shamba la mkonge. Mwaka 1978 masomo yakaanza, na shule ile ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Watoto waliopoteza nyumba walisoma, walilima, walifuga, wakashiriki kuijenga shule yao. Mwaka 1992 wenyewe waliporudi kwao, majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Watanzania wanasoma ndani ya kuta zilizoachwa na wakimbizi. Ukarimu tulioutoa ulirudi kwetu ukiwa na madarasa. Nani atakayesema kumpokea mgeni ni hasara?

Nisiwadanganye, kuishi pamoja ni kugumu. Mwaka huu sabuni zimeibwa. Maneno yamepelekwa huku na huku. Kuna waliochekwa kwa lafudhi ya kwao, Mrombo akitaniwa na Mmachame hadi utani ukageuka kidonda. Kuna wenye tranka lililojaa biskuti waliokula gizani wasije wakaombwa, na kuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kufuata ada akarejea baada ya majuma akiwa amenyamaza, kwa sababu hakuna aliyemwandikia notisi. Wapendwa, huko ndiko jumuiya inakojengwa au kubomoka. Yesu alipotaka kuwaonyesha wanafunzi wake ukuu ni nini, aliuchukua mzigo wa mtumwa wa nyumbani, akachukua maji na kitambaa, akawaosha miguu, pamoja na miguu ya yule aliyekuwa anakwenda kumsaliti. Kunakili notisi za mwenzako aliyefuata ada ni kuosha miguu. Kutomcheka ni kuosha miguu. Kumrudishia sabuni uliyochukua, ukamtazama usoni na kusema nisamehe, ni kuosha miguu, na pengine ndiko kugumu kuliko kote.

Tena kuna siku kujali kwenu ndiko uhai wa mwenzenu. Mkoa wetu haujasahau Shauritanga, Rombo. Juni 1994 moto ulishika bweni usiku, na wasichana zaidi ya 40 hawakutoka hai. Kwa hiyo matroni anaposema hakuna mshumaa kitandani, halindi mashuka. Kiranja anapohakikisha mlango haujazibwa na matranka, haleti ukali. Anawajibika kwa pumzi ya anayelala jirani yake. Walimu wenzangu, wakuu wa shule, Januari tusifungue bweni hata moja kabla hatujaikagua milango yake.

Mstarini kwetu asubuhi utasikia "Bwana Yesu asifiwe", kesho yake "Tumsifu Yesu Kristo", na wote huitikia salamu zote mbili. Wanafunzi wa vyama vya Kikristo, UKWATA, TYCS na CASFETA, wanagawana siku za kuongoza sala. Wamo pia watoto wa Kiislamu, kama ilivyo katika shule nyingi za Kikristo za mji huu, na mwaka huu wakati wa Ramadhani niliona watoto wa Kikristo wakiwatunzia wenzao uji wa jioni. Hilo halikupunguza Ukristo wa shule yetu. Liliuonyesha.

Basi likizo imefika, na ninyi wenyewe mnajua Desemba ya Kilimanjaro ilivyo. Ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma kuja "kuhesabiwa", mabasi yanajaa, na Desemba 2019 treni nayo ilirudi kuleta watu Moshi. Nyumba ya bibi iliyokuwa na watu wawili itakuwa na ishirini. Binamu watalala wanne kitanda kimoja. Sufuria ya machalari itawekwa mafigani, na vyombo vitarundikana kama kilele cha Kibo chenyewe. Hapo ndipo msimamizi wa mtihani anapogonga kengele. Nani ataosha? Nani atachota maji? Nani atamsikiliza babu ambaye amekaa mwaka mzima bila wa kuzungumza naye, badala ya kuinamia simu kutoka asubuhi hadi usiku? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wewe si mgeni, hilo jembe ni lako tangu siku ya kwanza.

Nenda kwenye jumuiya ya mtaa wenu. Tangu maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, katika umoja wao wa AMECEA, walipoweka uzito kwenye jumuiya ndogondogo mwaka 1976, Wakatoliki wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisali nyumba kwa nyumba, na Walutheri wa hapa nao wana jumuiya zao za alfajiri. Mara nyingi utakuta kina mama na wazee peke yao. Ingia wewe kijana. Soma somo kwa sauti, wazee macho yao yamechoka. Mgonjwa akitajwa, nyanyuka uende. Umeongoza ibada mbele ya wanafunzi mia kadhaa, utashindwaje mbele ya majirani kumi?

Wazazi wenzangu, nawasihi jambo moja. Leo mtoto akiingia kwenye gari au akipanda bodaboda, swali la kwanza lisiwe namba. Muulize: nani alikusaidia mwaka huu, na wewe ulimsaidia nani? Kisha nyamaza umsikilize. Mtoto atajua nyumbani kwake kinathaminiwa nini, na Januari atarudi akikitafuta hicho. Halafu fungua ripoti, mzungumze Hisabati, maana Hisabati nayo ni muhimu na hatutaionea haya.

Nanyi mliosoma kwenye shule hizi za mlimani, mkabebwa na mwalimu, na padri, na mchungaji, na jirani aliyeuza gunia la kahawa ili mfanye mtihani: mmekuja kuhesabiwa, basi mhesabike. Kabla ya kurudi Dar, pitieni ofisi ya mhasibu wa shule iliyo karibu. Ulizeni mtoto mmoja anayedaiwa. Msiombe jina litangazwe kanisani, wala picha ipigwe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wapo watoto hapa Soweto ambao kurudi kwao Januari kunategemea mtu mmoja atakayevuka ule mlango.

Walimu wenzangu, tumechoka, najua. Tumesahihisha hadi macho yakauma, na mshahara wenyewe tunaujua. Lakini yule binti aliyeshuka kitandani kumfariji mdogo wake alijifunza mahali fulani, na watoto hufanya wanachotuona tukifanya. Mwakani tule bwaloni nao angalau mara moja kwa juma. Tuwasalimie mlinzi na wapishi kwa heshima zao mbele ya wanafunzi. Mama anayeuza mandazi getini naye ni jirani wa shule. Akifiwa, shule iende.

Januari shule itafunguliwa, na kidato cha kwanza wapya watashuka na matranka yao wasimjue mtu. Ukutani karibu na ofisi ya taaluma nimebandika karatasi tupu yenye mistari, kwa ajili ya watakaokuja siku moja kabla kuwapokea, kuwabebea mizigo, kuwaonyesha bwalo na bomba, na kukaa nao usiku wa kwanza. Kalamu imefungwa kwa uzi pale pale. Wanangu, kabla hujatoka getini leo, pita uandike jina lako.